Kilo tisa ni ruhusa, si amri

Mhariri,

Nimesoma barua ya msomaji mwenzangu katika toleo lako la juma lililopita, aliyewashauri wazazi kwamba mtoto akishatimiza mwaka na kufika kilo 9, kiti chake cha garini kigeuzwe atazame mbele "apate kuona dunia". Aliandika kwa nia njema, simlaumu. Mimi ni dereva wa teksi hapa Malindi, huu mwaka wangu wa kumi na nne, na nina binti wa miezi 14 mwenye kilo 10 na nusu kwa mizani ya kliniki. Kwa hesabu ya msomaji huyo, ningekuwa nimeshamgeuza miezi miwili iliyopita. Sijamgeuza, wala sina haraka hiyo.

Kanuni ya mwaka mmoja na kilo 9 hakuitunga yeye. Madaktari wa watoto wa Marekani waliifundisha kwa miaka mingi. Ila chama chao kiliiacha mwaka 2011, kikasema mtoto atazame nyuma hadi miaka 2, na mwaka 2018 kikaondoa hata hiyo miaka 2: mtoto atazame nyuma mpaka auzidi urefu au uzito ambao kiti chenyewe kimeandikiwa. Huko Ulaya, kanuni ya viti inayoitwa R129, iliyoanza kutumika 2013, inakataza kumgeuza mtoto kabla ya miezi 15. Waswidi wamewapita wote. Kwao mtoto wa miaka 4 kutazama nyuma ni jambo la kawaida, na walilianza zamani: profesa wao Bertil Aldman alivutiwa na jinsi wanaanga wa Gemini, chombo cha anga cha Wamarekani, walivyolazwa chali ili mgongo mzima ubebe ule msukumo wa kurushwa, akawaza kumkalisha mtoto kwa mtindo huo, na mwaka 1964 Volvo wakajaribu kiti cha kwanza cha namna hiyo.

Sasa, hiyo kilo 9 watu wanaitoa wapi hapa kwetu? Wanaisoma kwenye kiti. Viti vingi tulivyo navyo mjini ni mitumba au vimeachwa na Wataliano wanaorudi kwao, na kwa nyuma au ubavuni vina kibandiko cha rangi ya machungwa chenye herufi E ndani ya duara. Kiti changu nilikipata hivyo, kwa familia niliyokuwa nikiiendesha na ninajua gari lao halikuwahi kugongwa. E yake ina namba 3, yaani kilithibitishwa Italia. Ni kiti cha kanuni ya zamani, R44, kinachokwenda kwa uzito: kutazama nyuma hadi kilo 13, kutazama mbele kuanzia kilo 9 hadi 18.

Hebu soma tena hapo. Kuna kilo nne zinazoingiliana. Mtoto wa kilo 9, 10, 11 au 12 anaruhusiwa kukaa kwa njia zote mbili. Mzazi akiona "kuanzia kilo 9" anadhani ameamrishwa ageuze, kumbe ni ruhusa tu, na tena ruhusa ya chini kabisa. Ni kama kuambiwa leseni inatolewa kuanzia miaka 18. Hakuna anayekulazimisha siku ya kuzaliwa kwako uende Mombasa ukiendesha. Mimi nitasubiri kilo 13, na watoto wengi hawazifikii kabla ya kutimiza miaka miwili.

Sababu yenyewe ni shingo. Mtoto mchanga kichwa chake ni kama robo ya urefu wake wote. Mimi na wewe ni moja ya saba au ya nane hivi. Na mifupa ya shingo ya mtoto wa mwaka mmoja bado haijawa mifupa kamili, ni vipande vilivyoshikanishwa kwa gegedu, yaani mfupa laini, ambavyo huendelea kuungana hadi kwenye umri wa miaka mitatu, minne, hata sita. Gari likigonga kwa mbele, mtoto anayetazama mbele mabega yake yanashikwa na mikanda, lakini kichwa hakina kinachokishika. Kinaendelea na safari. Kinavutwa na shingo hiyo hiyo ya gegedu. Akiwa anatazama nyuma, mgongo, shingo na kichwa vyote vinapokelewa na kiti kwa pamoja, kama mtu aliyeegemea ukuta.

Na ajali tunazoziogopa hapa ni za uso kwa uso. Barabara ya Malindi kwenda Mombasa ni kilomita 120 hivi, njia moja ya kwenda na moja ya kurudi sehemu kubwa, na kila siku naona mtu akipita lori pale msitu wa Arabuko-Sokoke huku mwenzake anakuja. Kidhibiti mwendo walichofungiwa matatu tangu enzi za waziri John Michuki, 2004, kinasimamia kilomita 80 kwa saa. Kwa hesabu ya shule, kugonga ukuta kwa mwendo huo ni sawa na kuanguka kutoka mita 25. Kwa kilomita 50 ni mita 10. Sisi watu wa Pwani hatuhitaji kuelezwa zaidi. Kila mtaa una mgema mmoja aliyeanguka mnazini.

Kuna siku nilitoka Mombasa, binti yangu hajazaliwa, na madafu sita kwenye kiti cha nyuma. Nilikuwa nimeyapanga vizuri, nayajua, yalitulia tangu Mtwapa. Kufika Matsangoni bodaboda akaingia barabarani bila kuangalia, nikapiga breki. Sikumgonga. Lakini dafu moja lilipita katikati ya viti viwili vya mbele likaenda kutua kwenye redio. Redio hiyo ninayo hadi leo, uso wake umepasuka, na kubadilisha stesheni mpaka nitumie ncha ya ufunguo. Dafu kubwa lina uzito wa kilo mbili hivi. Abiria anayeniambia "mimi nitampakata tu, nitamshika" huwa namwonyesha redio.

Mama mkwe wangu hakuonyeshwa redio, yeye alikuja na hoja yake. "Mwanangu, unamkomoa huyu mtoto. Tazama miguu ilivyojikunja, kama chura!" Nikamwambia, "Mama, akiwa mkekani anaketije?" Kweli, alikuwa mkekani wakati huo huo, miguu kaikunja kama mtu aliyezunguka sinia ya pilau, anatafuna mfuniko wa chupa. Mama akacheka lakini hakukubali siku hiyo. Na hoja ya miguu ndiyo inayowafanya wengi wageuze, kuliko kibandiko. Miguu ikigusa mgongo wa kiti cha gari si dalili kwamba kiti kimekuwa kidogo. Mtoto anaikunja, anaiinua, anapiga mateke, basi. Na hata ikitokea ajali, mguu uliovunjika unafungwa plasta. Shingo ni habari nyingine.

Dalili ya kweli ni kichwa. Kwa kiti changu, utosi ukikaribia ukingo wa juu na kubaki upana wa vidole viwili hivi, nafasi imekwisha, hata kama uzito haujafika. Viti vinatofautiana, kwa hiyo kijitabu chake kisomwe, na ukinunua mtumba usio na kijitabu mwombe kijana wa saiba akutafutie kwa namba iliyo kwenye kibandiko. Mtumba usiojua historia yake mimi singeuchukua. Plastiki iliyowahi kupigwa na ajali inaweza kuwa na ufa ndani usiouona.

Mawili matatu ninayoyaona kwa abiria wangu. Mikanda ya mtoto anayetazama nyuma hutokea usawa wa mabega yake au chini kidogo. Akishageuzwa mbele, usawa wa mabega au juu kidogo. Wengi wanageuza kiti na kusahau mikanda. Ukiweza kuufinya mkanda ukafanya kunjo pale begani, umelegea. Leso asifungwe nayo chini ya mkanda, maana leso inateleza. Mfunge kwanza, leso umfunike juu. Na hapa Malindi gari likishinda juani, lile bizimu la chuma la mkanda linachoma kama pasi, liguse kwanza kwa mkono wako.

Lakini hili lifuatalo ndilo lililonitia hofu kuliko yote. Mwezi uliopita nilimpokea mama mmoja uwanja wa ndege, akataka kumweka mtoto wake kiti cha mbele, akitazama nyuma, "nimwone usoni". Gari langu lina eabegi upande huo, ule mfuko wa hewa unaofumuka gari likigonga, na halina swichi ya kuizima, kama mengi tunayoletewa kutoka Japani. Mfuko ule ukifumuka unapiga mgongo wa kiti cha mtoto kwa nguvu ya kumwua, na kichwa chake ndicho kilicho jirani. Nilikataa kuondoka. Alikasirika, akaketi nyuma na mwanawe, akaninunia mpaka Watamu. Wataliano wanaouliza "seggiolino", yaani kiti cha mtoto, kabla hata ya kuuliza bei nilikuwa nikiwaona wana makuu. Nimewaomba radhi moyoni.

Najua wengi wetu watoto wetu hupanda tuktuk na matatu, na kiti cha mtoto hakifungiki huko. Hilo ni la kuandikiwa barua nyingine, na serikali ndiyo ya kuandikiwa. Mimi nasema na aliyenacho kiti tayari, kimefungwa tayari, na anachofikiria ni kukigeuza Jumamosi hii kwa sababu keki ya mwaka mmoja imeshakatwa.

Mama mkwe siku hizi ndiye anayekaa naye nyuma. Amegundua kwamba wakitazamana hivyo anaweza kumwimbia hadi Gede bila kugeuza shingo. Juzi nilipima tena juu ya utosi wa binti: vidole vinne.

Dereva wa teksi,
Malindi.