Barua kwa mwanangu anayechora wanawake

Mwanangu mpendwa,

Picha za wanawake ulizonitumia zimenifikia, nami nimezitazama kwa utulivu unaostahili kazi ya mtu anayejifunza kwa bidii. Kanga umezichora vizuri mno, hasa pale kitambaa kinapokunjika begani na maandishi yake yakakatika pamoja na mkunjo. Hata hivyo, wanawake wote uliowavika kanga hizo wana mwili mmoja: shingo ndefu, kiuno chembamba kuliko kichwa, macho yaliyomeza nusu ya uso, na nyayo ambazo hazikanyagi chini. Mwili huo haumo katika ukoo wetu wala mtaani kwetu. Ni mwili wa mwanasesere.

Mwanasesere huyo ni Barbie, aliyeoneshwa kwa mara ya kwanza mjini New York mwezi Machi 1959. Ruth Handler wa kampuni ya Mattel alimtengeneza kwa kumfuata Lilli, mwanasesere wa Kijerumani ambaye hapo mwanzo aliuzwa kwa watu wazima. Ana urefu wa sentimita 29 hivi, na kwa miaka mingi nyayo zake zilifinyangwa zikiwa zimejiinua kwa ajili ya viatu vya visigino virefu, hivyo hakuweza kusimama bila kushikwa. Mwaka 1965 alitolewa mmoja aliyevaa nguo za kulalia, akiwa na mizani iliyowekwa moja kwa moja kwenye ratili 110, yaani kilo 50 hivi, pamoja na kitabu kidogo cha kupunguza uzito chenye ushauri mmoja tu: usile. Mambo haya yananiuma kila niyafikiriapo, kwa sababu yalikabidhiwa watoto. Mwaka 2006 watafiti wa Uingereza walichapisha utafiti uliohusu wasichana 162 wenye umri wa miaka 5 hadi 8, na wale walioonyeshwa picha za Barbie, hasa walio wadogo, waliiridhia miili yao kidogo kuliko wenzao walioonyeshwa picha nyingine, na walitamani wembamba zaidi. Zingatia, mwanangu, kwamba walionyeshwa picha tu. Sisi wachoraji ndio watu wa picha.

Bibi yako, mzaliwa wa Kisarawe, alipokuwa mwali ndani alipewa mwana hiti, kile kinyago kidogo cha mti cha Wazaramo, akamwogesha na kumpaka mafuta kama mtoto. Mwana hiti ana kichwa chenye vishungi, kiwiliwili cha mviringo kama kipande cha fimbo, na matiti madogo; mikono na miguu hana. Nisingependa umtukuze kupita kiasi, kwa maana naye alikuwa na somo lake, nalo lilikuwa kwamba mwanamke ameumbwa azae. Lakini kwa kuwa hakujifanya kuwa mwili wa mtu, hakumpa mwali kiuno cha kujipimia.

Itafute picha ya saluni aliyoichora Kerry James Marshall, Mmarekani Mweusi, mwaka 2012. Ina upana wa takribani mita 4 na imo katika Jumba la Makumbusho ya Sanaa la Birmingham, Alabama. Wanawake waliomo ni weusi kwelikweli, kila mmoja na umbo lake na namna yake ya kusimama. Mbele yao, juu ya sakafu, kuna kitu cha manjano kilichovutwa na kupindishwa hata hakieleweki, lakini ukikitazama kutoka pembeni kinageuka kuwa kichwa cha binti mfalme wa katuni za Disney mwenye nywele za dhahabu. Mbinu hiyo ameiazima kwa Hans Holbein, mchoraji wa Kijerumani aliyechora fuvu kwa namna hiyo mwaka 1533. Watu wazima wa saluni wanaendelea na mambo yao. Mtoto mdogo ndiye anayeinama kukichungulia. Marshall amemweka yule binti wa dhahabu nje ya miili ya wanawake, ili tumwone alivyo. Wewe umemwingiza ndani ya miili yenyewe, na nadhani mkono wako ulifanya hivyo kabla jicho lako halijaulizwa.

Kwa hiyo nakuomba umchore mwanasesere mwenyewe kwanza. Mdoli wako wa zamani ungali sandukuni. Ulaze mezani karibu na dirisha, uchore mshono wa plastiki ubavuni, viungo vya nyonga, na vile vitundu vilivyopangwa safusafu kichwani ambamo nywele zimeshonewa. Kisha mchore mtu, ukianzia kwenye nyayo na kupanda juu, kwa sababu nyayo zikibeba uzito, nyonga na mabega yatajipanga yenyewe. Rangi ya ngozi usiitoe kwenye chupa ilivyo: Marshall hutumia nyeusi za aina kadhaa, na katika kivuli cha shingo ya mama yako mdogo utaona buluu ukitazama kwa subira.

Mama yako mdogo amekubali kukaa umchore utakapokuja likizo. Ameniuliza avae nini, nami nimemwambia avae kama anavyovaa akienda sokoni. Njoo na turubai kubwa, maana hapa nimebakiwa na vipande vidogo tu.

Ni mimi mama yako.