Shukrani kwa mwalimu wa taaluma asiyetaka kutajwa

Mwalimu, sisi wazazi wa kota za jeshi tunakushukuru hadharani, jina tunaliacha kama ulivyoomba.

Uhamisho wa askari hausubiri muhula uishe. Ulitufundisha kuandaa bahasha ya mtoto kabla ya mizigo: nakala ya cheti cha kuzaliwa, ripoti ya mwisho, namba ya PREM (namba ya mwanafunzi kwenye mfumo wa kumbukumbu wa Baraza la Mitihani), na karatasi moja inayoonyesha mada aliyofikia kwa kila somo. Hiyo karatasi ndiyo dawa, maana shule mpya huanza kumfundisha ilipo, yeye akabaki na pengo la hesabu ambalo kila mtu huliita uzembe. Darasa la nne na la saba ulisisitiza zaidi: uhamisho wa mtoto usipokamilika kwenye mfumo huo, jina la mtihani hubaki shule ya zamani.

Na mtoto aambiwe mapema, hata kama tarehe haijathibitishwa. Aage marafiki, aandike namba zao. Begi lake dogo asafiri nalo mwenyewe, lisipande lori. Kule aendako apewe mwenzake mmoja wa kukaa naye wiki mbili za mwanzo. Kumsimamisha mbele ya darasa ajitambulishe humwongezea aibu tu.

Asante sana, Mwalimu.