"Quoth" si "quote" ya zamani

Mhariri,

Safu yenu ya msamiati wa fasihi ya Kiingereza imefasiri "quoth" kuwa "alinukuu". Herufi zimewaponza. "Quote" imetoka Kilatini cha zama za kati, ambako "quotare" ilikuwa kutia namba sura za kitabu. "Quoth" ni Kiingereza cha asili, wakati uliopita wa "cwethan", yaani kusema. Anayenukuu hurudia ya mwenzake. Wa "quoth" anasema tu.

Kitenzi chenyewe kimekufa, likabaki umbo hilo moja. Hakina wakati uliopo wala ujao, na "quothed" au "quothing" huandikwa kwa mzaha au kwa kutojua. Mtenda hukaa nyuma yake, naye huwa nafsi ya kwanza au ya tatu: "quoth I", "quoth she". Mwanafunzi akiandika "she quoth that…" amekosea mara mbili, kwa sababu kitenzi hiki hubeba maneno kama yalivyotamkwa, hakipokei "that". Na "th" yake ni ya "thelathini"; kinaoana na "both".

Tazama shairi la Edgar Allan Poe la 1845: "Quoth the Raven 'Nevermore.'" Kitenzi, ndege, kisha neno lake. "Kunguru akanena: Kamwe!" inatosha. Msimulizi wa shairi anakisia kwamba ndege yule alilidaka neno kwa bwana wake wa zamani, kwa hiyo mtu anaweza kudai kuwa kweli ananukuu. Hoja inachekesha, ila si ya sarufi.

Kiswahili nacho kina mkongwe wa namna hii: "amba", yaani sema. Katika maongezi ya leo husikii mtu "ameamba", lakini kila siku tunaambiana, na "kwamba" imo humo humo. Vivyo hivyo "cwethan" imejificha ndani ya "bequeath", kuusia mali, ambayo asili yake ni kutamka.

Kwa mfasiri, "akanena" inafaa kwenye ushairi na masimulizi ya kale. "Akasema" kwenye nathari nyepesi. Pagumu ni "quotha", lililotokana na "quoth he". Hilo hufuata maneno ya mtu yaliyorudiwa kwa dharau: "Honest, quotha!" Hapo usihangaike na kusema wala kunena. Andika "Eti mwaminifu!"

Msomaji wenu,
Tanga