Mapendekezo ya Tume ya Haki za Binadamu yasiishie kabatini

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nizungumzie maneno mawili ninayoyasikia mara nyingi mno hapa Moshi kila inapotajwa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, chombo kinachochunguza malalamiko ya wananchi dhidi ya ofisi za umma: "mapendekezo tu", yaani haiwezi kumlazimisha yeyote.

Jirani yangu hapa Pasua, mama mjane, huu ni mwaka wa tatu anafuatilia mafao ya marehemu mumewe. Bahasha yake ya kaki imechakaa hata kingo zake zinashikiliwa na selotepu, na nyuma yake ameandika kwa penseli kila tarehe aliyoambiwa arudi; nilizihesabu zikafika kumi na tisa. Hakuna aliyemwomba rushwa wala aliyemtukana. Faili halionekani, basi. Nilipomshauri aiandikie Tume, kijana aliyekuwa akitutolea kopi alimwambia asijisumbue, kwa kuwa Tume haina meno.

Shida ya namna hii ndiyo iliyofanya taasisi za kuchunguza malalamiko kama Tume hii zianzishwe, tangu Sweden mwaka 1809. Si kesi ya TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, maana hakuna aliyedai chochote, na kuipeleka mahakamani kunahitaji wakili ambaye mjane huyu hawezi kumlipa. Nchi yetu ililitambua hilo mapema kuliko nyingine zote Afrika ilipounda Tume ya Kudumu ya Uchunguzi mwaka 1966, ingawa ripoti zake zilikwenda kwa Rais na mlalamikaji hakuwa na njia ya kuzifuatilia.

Tume ya sasa haiko hivyo. Ibara ya 130 ya Katiba inaipa mamlaka ya kuchunguza na, ikibidi, kufungua mashauri mahakamani. Sheria Na. 7 ya mwaka 2001 inaitaka ofisi iliyopewa mapendekezo ieleze, ndani ya muda usiozidi miezi mitatu, hatua ilizochukua. Ikikaa kimya, Tume yenyewe inaweza kwenda mahakamani au kumshauri mwenye haki aende. Haya si maneno ya vitabuni peke yake. Wananchi wa Nyamuma, wilayani Serengeti, walioondolewa kwenye makazi yao mwaka 2001, walipata mapendekezo ya Tume ambayo Serikali haikuyatekeleza, na shauri lao lilipofika Mahakama ya Rufani ilielezwa wazi kwamba mapendekezo hayo yanaweza kukaziwa mahakamani, yaani mahakama kuamuru yatekelezwe.

Ni kweli kwamba Tume ina mipaka, kwa mfano haigusi jambo ambalo tayari liko mbele ya mahakama, na sioni ubaya wa hilo. Kinachoniuma ni kwamba mlango ulio wazi kisheria hautumiki kiasi cha kuonekana na mwananchi wa kawaida. Afrika Kusini, Mahakama ya Katiba iliposema mwaka 2016 kwamba hatua zinazoagizwa na Mlinzi wa Umma, taasisi yao ya aina hii, haziwezi kupuuzwa, hata Rais aliyekuwa madarakani alilazimika kurudisha fedha.

Kwa hiyo naiomba Tume itangaze kila mwaka, magazetini na kwenye mbao za matangazo za kata, majina ya ofisi zilizopitisha miezi mitatu bila kujibu, na katika kila moja ieleze kama imefungua shauri au la, na kwa nini.

Mama huyu ameshaandika barua yake. Tuliiposti Jumatatu, na nakala ameiweka katika bahasha ileile.

Msomaji wako,
Pasua, Moshi