Huko katikati ya utumbo nani ameangalia?

Mhariri, naomba nafasi kwenye gazeti lako. Makala yenu ya vidonda vya tumbo nimeipenda ila kuna mgonjwa mmoja hamkumgusa, yule anayemeza dawa za vidonda miezi nenda rudi na damu bado inashuka. Shangazi yangu ndo alikuwa hivyo, choo cheusi, anaongezewa damu, anapewa vidonge vya kuongeza damu, akirudi nyumbani muda si mrefu amechoka tena. Hospitali ya kwanza wakampiga endoskopi (kamera inayopitishwa mdomoni), safi, kolonoskopi (kamera inayopitishwa njia ya haja kubwa) nayo safi, wakamwambia hana kitu.

Wengi hatujui kwamba kipimo cha mdomoni kinaishia mwanzoni mwa utumbo mwembamba na kile cha chini kinagusa mwisho wake tu, hapo katikati kunabaki mita kadhaa ambazo hakuna aliyeziona. Ni kweli uvimbe wa huko ni nadra, haufiki 5 kwenye kila saratani 100 za njia ya chakula. Na sisemi kila mwenye upungufu wa damu akimbilie CT skani, ile mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili, kwetu minyoo na hedhi nzito ndo sababu za kawaida, lakini mama aliyekoma hedhi zamani, minyoo katibiwa, vipimo vyote viwili safi na damu bado inapotea, huyo anarudishwaje nyumbani jamani? Shangazi kaokolewa na dokta wa hospitali ya pili aliyeomba CT skani, uvimbe ukaonekana.

Na ukishatolewa kazi haijaisha. Kuna saratani ya ukuta wa ndani, kuna limfoma (saratani ya seli za kinga), kuna ule wa seli za homoni unaoweza kumfanya mtu aharishe na uso kuwaka, kuna GIST (uvimbe unaoota ndani ya ukuta wa utumbo wenyewe), na matibabu ni tofauti kabisa. Wa shangazi ni GIST, ilijulikana maabara walipopima kipande cha uvimbe na kukuta CD117, protini inayoutambulisha. Kemo ya kawaida haifui dafu kwa GIST, dawa yake ni vidonge vya imatinibu, miligramu 400 kwa siku, na mwenye hatari kubwa ya uvimbe kurudi anameza miaka 3 baada ya upasuaji. Sasa kama uvimbe umetupwa bila kupimwa hiyo dawa utaijuaje? Ndugu wa mgonjwa, daini majibu ya maabara kwa maandishi, myatunze.

Mhariri, tafadhali mtafute daktari bingwa aandike kuhusu upungufu wa damu usioisha kwa watu wazima.

Msomaji wenu, Morogoro