Lon Chaney hakuwa mtu wa mazimwi tu

Ndugu Mhariri,

Makala ya gazeti lako kuhusu filamu za zamani ilimwita Lon Chaney, mwigizaji wa Marekani wa enzi za filamu zisizo na sauti, "mwigizaji wa mazimwi". Jina hilo linampunja. Tena linawapotosha vijana wa vikundi vya maigizo vya hapa Moshi na Arusha, wanaojipaka unga na majivu wakidhani sura zake za kutisha zilitokana na rangi.

Chaney alizaliwa 1883 huko Colorado Springs, Marekani, na wazazi wake wote wawili walikuwa viziwi. Nyumbani kwao mikono, macho na nyusi ndizo zilizosema. Alipotoka jukwaani na kuingia kwenye filamu zisizo na sauti, mwili wake ulikuwa umeshajua kuzungumza. Katika The Penalty (1920) aliigiza mtu aliyekatwa miguu yote miwili: aliikunja, akaifunga nyuma kwa mikanda, magoti akayatumbukiza kwenye vikombe vya ngozi, akatembelea hayo. Damu haikupita vizuri, hivyo alipigwa picha kwa vipindi vifupi na kufunguliwa. Rangi haikuhusika hata kidogo.

Kwenye The Phantom of the Opera (1925) ndipo watu hukosea zaidi. Mashavu aliyainua kwa pamba na kolodioni (kimiminika kinachokauka kuwa utando mgumu juu ya ngozi), ncha ya pua ikavutwa juu, na pembeni mwa macho akatia weusi. Weusi ule ulionekana kwa kuwa ngozi yake ilikuwa nyeupe. Isitoshe, mikanda mingi ya filamu ya wakati ule haikuhisi wekundu; mdomo mwekundu ulitoka mweusi. Kamera ya leo haifanyi hivyo, na kwenye ngozi yetu weusi humezwa. Fanyeni kinyume: inueni mfupa wa shavu na paji kwa rangi ya kahawia iliyofifia kidogo kuliko ngozi, ichanganyeni kingoni hadi mstari upotee, kisha mbonyeo uacheni na rangi yake. Unga mweupe hufuta mibonyeo yote, uso ukabaki bapa kama sahani.

Kolodioni yenyewe msiiguse. Ina etha, kimiminika kinachoshika moto upesi, na aina yake ngumu ikikauka huivuta ngozi. Kuinua shavu, jelatini inatosha: jelatini ya unga, gliserini na maji, vyote kwa uzito sawa. Iloweke dakika 10, iyeyushe kwenye bakuli lililokaa juu ya maji ya moto, isichemke, na ipime joto kwenye kifundo cha mkono kabla haijagusa uso. Gundi ya kubandikia jelatini hiyo usoni ijaribiwe mkononi siku moja kabla, maana wengine huwashwa. Ila joto la Moshi halina huruma: jasho na taa huilainisha jelatini, na kingo ndizo huachia kwanza. Bandika mwisho kabisa, kausha jasho, paka poda, na onyesho la nje liwekwe jioni.

Halafu kuna sauti, ambayo makala haikuitaja kabisa. Mwaka 1930, katika The Unholy Three, filamu yake pekee ya kuzungumza, Chaney alitoa sauti tano tofauti na akatia saini hati ya kiapo kwamba zote ni zake. Alifariki Agosti 26 mwaka huohuo. Mkiandika tena habari zake, naomba mwandishi aanze na wale wazazi viziwi, mazimwi yaje baadaye.

Msomaji wako,
Rau, Moshi