Anti kakosea, kwenye meli muda wa mapenzi upo

Ndugu mhariri, salaam nyingi kutoka huku Bagamoyo. Mi sio mtu wa kuandika magazetini, mara ya mwisho kushika kalamu kwa mambo ya mapenzi nilikuwa darasa la saba na barua yenyewe ilikamatwa na mwalimu ikasomwa mstarini shule nzima ikisikia, ila jibu la Anti wenu wa ukurasa wa mapenzi wiki iliyopita limenifanya nishindwe hata kumaliza uji.

Kwa ambao hawakusoma, kuna binti wa hapa hapa kwetu kaandika kwamba mchumba wake kapata kazi ya ustuwadi, yaani kuhudumia abiria na vyumba vyao, kwenye meli ya kitalii, anaondoka miezi tisa, na yeye hana amani kwa sababu kaambiwa huko kuna bibi wa kizungu wenye hela zao wanaopanda meli kazi yao kunyakua vijana. Anti akamjibu tulia mwanangu, kule watu wanapiga kazi masaa 14 kwa siku, mtu hana muda wa mapenzi.

Anti, shikamoo. Nakuheshimu sana ila hapo umempoteza mtoto wa watu. Nimefanya mikataba minne kwenye hizo meli, nimetandika vitanda vya watu mpaka leo nikiona shuka limekunjamana mikono inawasha, kwa hiyo naomba niseme ninachokijua.

Hayo masaa 14 ni kweli yapo. Mkataba wa kimataifa wa kazi za mabaharia wa 2006, ule ulioanza kutumika 2013, unataka baharia apate mapumziko yasiyopungua masaa 10 katika kila masaa 24, na hayo 10 unaruhusiwa kuyakata vipande viwili ila kimoja kisipungue masaa 6. Haya tupige hesabu ya sokoni, masaa sita kalala, yale manne yaliyobaki anafanya nini, anasuka ukili? Anti wangu, mapenzi hayahitaji likizo. Nusu saa inatosha kumwambia mtu umependeza, tena kwenye meli huhitaji nauli ya bodaboda kumfuata, ni kushuka ngazi mbili tu.

Na watu wapo wa kutosha. Hii Icon of the Seas, moja ya meli kubwa kabisa za kitalii duniani, iliyoanza safari Januari 2024, inabeba abiria mpaka 7,600 na wafanyakazi 2,350, yaani hapo umefungia mji mzima ndani ya chuma ukauzungushia maji, wanakula pamoja wanachoka pamoja, halafu utegemee asipendwe mtu?

Ila hao abiria anaowaogopa binti ndo wa mwisho kabisa kuwahofia. Karibu kampuni zote sheria ni moja, mfanyakazi wa chini ukikutwa kwenye kabini ya abiria kwa jambo lisilo la kazi huulizwi mara mbili, unashushwa bandari inayofuata na tiketi ya kurudi kwenu, na makorido yana kamera kila kona. Kijana aliyekopa hela ya kozi za usalama baharini, na ya vipimo vya afya, na ya wakala, na shamba la baba limewekwa rehani, hawezi kuchezea hiyo kazi kwa sababu ya bibi wa miaka 70 aliyemkonyeza kwenye lifti. Wapo wanaojaribu, sikatai, mmoja nilikuwa naye alishushwa bandari ambayo hata jina lake hakuweza kulitamka, akabaki pale gatini na sanduku lake anatupungia mkono sisi tuliobaki kama vile yeye ndo anatuaga.

Abiria wao wanaleta vichekesho. Naomba nafasi kidogo mhariri nisimulie, maana nimekaa navyo muda mrefu na mke wangu kachoka kuvisikia.

Mwaka mmoja kabla ya corona nilikuwa napokea abiria kwenye mazoezi ya dharura. Zamani mazoezi yale yalikuwa yanafanyika ndani ya siku ya kwanza hata kama meli imeshatoka, lakini baada ya Costa Concordia kugonga mwamba pale kisiwa cha Giglio huko Italia tarehe 13 Januari 2012 wakafa watu 32, na baadhi ya abiria walikuwa wamepanda siku ile ile na mazoezi hawajafanya, sheria ikabadilishwa, kuanzia 2015 mazoezi yanafanyika kabla meli haijang'oa nanga au palepale inapoondoka, na wakati ule kila abiria ilikuwa lazima ajitokeze kwenye kituo chake asimame. Sasa mimi nipo nasoma kadi, akaja bwana mmoja wa makamo, shati la maua, pembeni kashika kiuno cha mwanamama aliyependeza kweli kweli, wamesimama kwenye mstari, na mstari wa mbele yao akageuka mwanamke mwingine akamwangalia yule bwana kwa muda kama sekunde kumi hivi bila kupepesa. Alikuwa shemeji yake. Mdogo wake mkewe kabisa! Kituo kimoja, boti moja ya kuokolea, yaani hata meli ikizama wanazama pamoja. Yule bwana akaniuliza kwa sauti ya chini kama anaweza kubadilishiwa kituo. Nikamwambia bwana mkubwa vituo vinapangwa kufuatana na kabini. Akauliza je meli imeshaondoka? Bado ilikuwa imefungwa gatini, alishuka jioni ile ile peke yake, yule mwanamama aliendelea na safari siku zote saba na siku ya tatu nilimkuta anakunywa chai na shemeji mtu wanacheka mpaka machozi. Sijui waliongea nini na sikuuliza, stuwadi haulizi.

Halafu kuna wanaume wa dansi. Kwenye baadhi ya meli za safari ndefu, zile zinazojaa wajane na wastaafu, wanachukuliwa wanaume watu wazima wanaojua kucheza, nao kazi yao ni kuwachezesha akina mama waliokuja peke yao, basi, mapenzi marufuku na hawaruhusiwi kuonyesha upendeleo. Wa kwetu alikuwa mgane mmoja mpole sana anayecheza chacha kama hana mifupa. Bibi wawili, mmoja 79 mwingine kama 82 hivi, waligombana kwa sababu mmoja kachezeshwa mara tatu mwenzake mbili, wakaanza kuweka hesabu kwenye vitambaa vya karatasi vya mezani, yule wa 82 akaja kulalamika mapokezi na ushahidi mkononi. Mgane wa watu akajifanya mguu unauma. Wakamletea dawa za kuchua wote wawili, kwa wakati mmoja, mlangoni kwake.

Nikija kwangu mimi sasa, na hili nalisema kwa aibu, niliwahi kuandikiwa barua ya onyo kwa sababu ya nanasi.

Mnajua stuwadi anakunja taulo zinakuwa wanyama, tembo, nyani, bata, abiria wanapenda sana na ndo bakshishi inakotoka. Nilikuwa na wazee wawili, mume na mke, watu wa dini, wananiuliza kila asubuhi habari za nyumbani, nami nikawaambia kwetu upande wa Kiwangwa kuna mananasi ambayo ukila moja hutaki tena sukari. Wakafurahi. Nikasema ngoja niwatengenezee nanasi la taulo. Lilitoka zuri wallahi, taulo ya njano ya bwawani chini, kitambaa cha kijani juu kama majani. Nilipofika wameweka kibao cha usisumbue, nikalitundika kwenye kitasa nje kwa hanga, na kwa vile lilikuwa linateleza nikaligeuza kichwa chini miguu juu ndo likakaa vizuri. Nikaenda zangu kulala.

Kumbe kwenye hizi meli nanasi lililogeuzwa mlangoni lina maana yake. Ni alama wanayojuana nayo watu wa kubadilishana wake na waume.

Usiku ule wakabisha hodi watu wa kwanza, mke na mume, wamejipulizia manukato. Wale wazee wangu kwa ukarimu wao wakajua ni majirani wameona nanasi wamekuja kulisifia, wakawakaribisha ndani, wakawapa biskuti, mzee akawatolea albamu ya wajukuu. Wakaja wa pili. Nao wakaingia wakapewa biskuti. Mzee alikuja kunisimulia asubuhi kwa furaha kabisa, anasema kijana wetu, meli hii ina watu wazuri sana, jana tumepata wageni sita na wote walikuwa na haraka ya kuondoka. Mimi nilikuwa bado sijaelewa. Msimamizi wangu alielewa, aliniita ofisini akanisomea onyo huku kafunika mdomo na faili ili nisimwone anavyocheka.

Haya, turudi kwa binti.

Anachotakiwa kukijua, na Anti hakumwambia, ni kwamba hatari haiko juu kwenye sitaha za abiria, iko chini. Sisi tunakaa huko karibu na usawa wa maji au chini yake, kabini haina dirisha, watu wawili kitanda juu kitanda chini, pazia tu ndo nyumba yako. Kuna korido moja ndefu ya wafanyakazi inayopita meli nzima toka mbele mpaka nyuma, wengi wanaiita I-95 kama barabara kuu ya Marekani, na huko ndo unakutana na mtu yule yule kila siku, asubuhi kabeba mashuka, mchana kabeba sinia, usiku kachoka kama wewe na anaongelea mama yake mgonjwa huko Indonesia. Hapo hakuna hela, hakuna bibi wa kizungu, ni upweke unakutana na upweke mwenzie. Na kampuni nyingi hazikatazi wafanyakazi kwa wafanyakazi.

Ndo kunazaliwa kitu kinaitwa mke wa meli, au mume wa meli. Mtu ana familia kwao, ana picha ya watoto ukutani, na ana mwenzake wa mkataba, na wote wanajua, wanakula meza moja baa ya wafanyakazi, wanagombana kama mke na mume hasa, wanapatanishwa, halafu siku mkataba wa mmoja unapoisha anashuka ngazi ya meli na sanduku, wanakumbatiana, na imeisha. Wengine wanalia wiki nzima. Wengine kesho yake tu wanapanga upya. Tulikuwa na kanuni kabini kwetu, kandambili zikiwa nje ya mlango zimeelekea korido basi mwenzako ana mgeni, nenda kazunguke. Mwenzangu wa kabini, Mfilipino, baba wa watoto watatu, mkataba wa pili nilizunguka sana, nimeijua meli ile kuliko nahodha.

Sisemi wote. Wapo wanaorudi walivyoondoka na wapo waliooana kweli na wakabaki pamoja. Hata abiria wanaoana humo humo, kuna kampuni moja ya Kiingereza, Cunard, ilihamisha usajili wa meli zake kwenda Bermuda mwaka 2011 kwa sababu, walivyosema wenyewe, sheria ya Uingereza ilikuwa haimruhusu nahodha kufungisha ndoa baharini na ya Bermuda inaruhusu. Meli tatu kubwa zimebadilisha bendera kwa ajili ya harusi, halafu Anti anasema baharini hakuna mapenzi!

Lingine linaloniudhi, na hili sio kosa la Anti ni la mtandaoni huko, neno baharia limeharibiwa. Siku hizi kila mhuni anayedanganya wasichana anajiita baharia, hata kuogelea hajui, hata jahazi la kwenda Unguja hajawahi kupanda, halafu mtoto wa watu akienda kweli baharini kutafuta ada ya wadogo zake anahukumiwa kwa jina.

Na kila mtu anauliza kama aliyeko baharini atatulia, huyu wa nchi kavu je? Mimi mkataba wa kwanza nilimwacha mchumba hapa hapa Magomeni ya Bagamoyo, nilikuwa namtumia hela kila mwezi, nimerudi na sanduku la zawadi nimemkuta ana mimba ya miezi mitano ya muuza samaki, tena hela yangu ndo ilinunua friji ya samaki. Sina kinyongo. Nanunua kwake mpaka leo, ananipunguzia bei.

Kwa hiyo binti, kama unasoma hii, usimkataze aende. Kazi ni kazi na dola ni dola. Ila akishafika akapata bando, siku mkiongea kwa video mwambie akupitishie simu kwa mwenzake wa kabini umsalimie, halafu muulize huyo mwenzake, mimi naitwa nani? Usimuulize mchumba wako kitu chochote. Kama yule mtu wa kitanda cha chini analijua jina lako bila kunong'onezwa basi lala usingizi. Akianza kukohoa, akiangalia pembeni, akikuita jina la Kiindonesia, hapo utajua kandambili zimeelekea wapi.

Na akikutumia picha ya nanasi asikutishe, pengine kakumbuka Kiwangwa tu. Angalia majani yako juu au chini.

Stuwadi mstaafu,
Dunda, Bagamoyo